Nakala Mbili za Tarehe Moja

Siku ya kuniaga, Salome, ambaye ndiye wakili mwenye ofisi sasa, alinipa daftari jipya akasema, "Mama Nyagawa, waandikie hawa makarani wawili wapya jinsi kazi ilivyokuwa. Ila usiwaandikie hotuba." Hotuba zilikuwa zimeshasomwa mchana ule, moja ikinisifu kwa umakini wangu na nyaraka, nami nikaisikiliza nikiangalia sahani yangu ya pilau. Daftari hili limekaa mezani kwangu wiki tatu. Nimeona kama nitaandika, niandike na lile ambalo msoma hotuba alilipita. Yeye halijui. Salome analijua.

Nilianza kazi nikiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, nikitokea nyumbani na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea, katikati ya mji wa Njombe. Chumba cha ndani kilikuwa cha Wakili Mlowe, baba yake Salome. Cha nje kilikuwa cha karani mkuu, Mzee Kaduma, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliyekuwa na koti moja kwa misimu yote na kalamu tatu ambazo hakumwazima mtu.

Nilidhani nitakalishwa kwenye mashine ya chapa, maana ndiyo niliyosomea. Mzee Kaduma alinipa sindano ya gunia, uzi wa katani na rundo la karatasi zinazofika gotini.

"Shona majalada," alisema.

Nilishona siku tatu. Siku ya nne nilimwuliza kwa nini tusibane tu kwa pini, ingekuwa haraka. Akanitazama kama aliyetukanwa. "Ukurasa ukipotea, mahakamani hawaulizi umepotelea wapi," alisema. "Wanasema haukuwepo."

Yeye ndiye aliyenifundisha daftari la kupokelea. Kila karatasi inayotoka mlangoni iandikwe ni karatasi gani, imetoka lini, imechukuliwa na nani, na mchukuaji atie saini kwa mkono wake. "Hata akija askofu," alisema. Askofu alikuja kweli siku moja kufuata hati ya kiwanja cha kanisa, na Mzee Kaduma alimsimamisha mlangoni mpaka akatia saini. Aliporudi mezani alikuwa ameridhika.

Mtu asiyeijua Njombe mwezi wa saba hawezi kujua kazi ya ofisi ilivyokuwa. Tulipiga chapa tumevaa soksi mbili mbili, jiko la mkaa chini ya meza. Karatasi za kaboni zilikuwa ngumu asubuhi, nakala ya tatu haisomeki mpaka saa nne. Wino wa muhuri tuliuweka karibu na jiko ulainike, na mara moja Mzee Kaduma aliuchoma kabisa, tukakaa siku mbili bila kugonga muhuri. Hiyo haikuandikwa popote.

Kiingereza changu kilikuwa cha shule, si kibaya, na Wakili Mlowe alikigundua siku niliposahihisha kosa katika barua yake bila kumwambia. Aliniita ndani. Nilijua nafukuzwa. Badala yake alinipa mkataba wa kukodi ghala akasema nimwandikie kwa Kiswahili. Niliurudisha kesho yake, naye akauchora kwa kalamu nyekundu mpaka ukawa kama umechinjiwa kuku. Tuliendelea hivyo karibu miaka miwili. Wateja wetu walikuwa wafanyabiashara wa mbao, wakulima wa viazi, wajane wenye kesi za mirathi, na wengi wao Kiswahili chenyewe walikuwa wamekijulia shuleni, nyumbani wanasema Kibena au Kikinga. Karatasi ya Kiingereza kwao ilikuwa ukuta. Wakili alinieleza kwamba mteja huyo hataweza kunikagua, kwa hiyo lazima nikaguliwe na mtu mwingine kwa niaba yake. Akaweka utaratibu: tafsiri haitoki mpaka watu wawili waisome pamoja, mmoja akisoma Kiswahili kwa sauti, mwingine akifuata Kiingereza kwa kidole. Tuliufuata miaka mingi. Kompyuta zilikuja, mashine za chapa zikapelekwa stoo, Mzee Kaduma akastaafu na baadaye tukamzika, utaratibu ukabaki.

Nilikuwa nimeshazoea kuitwa Mama Nyagawa na kusalimiwa sokoni na watu nisiowakumbuka, pale Zakaria Mwalongo na Benedikto Mahenge walipokuja na karatasi zao za ardhi ya mafuta.

Hao walikuwa wabia wa mbao huko Makambako. Walikuwa na yadi moja Lyamkena, lori moja, na jina moja katika midomo ya watu. Mtu akimtaja Zakaria, mwenzake anauliza Benedikto naye hajambo. Zakaria alikuwa msemaji, mwili mkubwa, anasafiri na mzigo. Benedikto alikuwa mwembamba, Mkatoliki wa kukaa viti vya mbele, anabaki yadini na kutunza karatasi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu wanapasua magogo kwa msumeno wa mikono, mmoja juu na mmoja shimoni, na walisema Kibena wao kwa wao hata mbele ya wakili.

Zakaria alikuwa amepeleka mbao Uganda, upande wa Ziwa Albert, ambako kulikuwa kunajengwa makambi kwa sababu ya mafuta yaliyogunduliwa chini ya ardhi. Huko alikutana na mzee mmoja mwenye ardhi kando ya barabara inayokwenda kwenye visima. Mzee yule hakutaka kuipangisha ardhi mara moja. Alitoa kile ambacho Zakaria alikiita "opsheni". Unamlipa mwenye ardhi kitu kidogo ili akushikie nafasi. Ndani ya muda mliokubaliana, ukiamua, unamwandikia notisi, naye analazimika kukupangisha kwa bei ile ile ya siku ya kwanza, hata kama jirani yake amekuja na mara kumi. Muda ukipita hujaamua, kila mtu ana hamsini zake, na kile kidogo umekipoteza.

Benedikto aliuza miti yake ya paini iliyokuwa bado michanga. Zakaria aliweka rehani nyumba. Waliniambia hivyo wenyewe wakicheka, kama watu waliotoka kuoga maji baridi.

Ilikuwa Ijumaa. Wakili Mlowe alikuwa na kesi Iringa, na karani mwenzangu alikuwa kwenye msiba. Zakaria alitaka kuwahi kurudi Makambako kupakia.

"Mama, wewe si ndiye unayejua hizi?" alisema. "Tuandikie tu kwa lugha yetu tuelewe. Hatuendi nazo kwa Rais."

Benedikto alisema, "Kama lazima tungoje, tungoje. Mimi naweza kuja Jumatatu."

Nilipaswa kumsikiliza Benedikto. Lakini nilikuwa nimeitwa ninayejua, na ilinipendeza. Nilikaa nikatafsiri kurasa nne kwa muda wa saa tatu, nikatia saini yangu ya mtafsiri, nikagonga muhuri, nikaweka tarehe, nikawapa nakala moja moja. Kwenye daftari la kupokelea wote wawili walitia saini. Hakuna aliyefuata Kiingereza kwa kidole.

Jumatatu Wakili Mlowe alisoma nakala ya jalada akiwa anakunywa chai. Akaniita.

"Hapa kwenye kifungu cha notisi umeandika nini?"

Nilisoma kwa sauti. Niliandika kwamba haki hiyo itakoma isipokuwa notisi itumwe kwa mwenye ardhi kabla ya siku ya mwisho.

"Na Kiingereza kinasemaje?"

Kiingereza kilisema ipokelewe. Notisi iwe imefika mkononi mwa mwenye ardhi. Mimi niliandika itumwe. Neno moja, na nililijua, wala si kwamba lilikuwa gumu.

Hakunigombeza. Alisema, "Waite wote wawili. Waeleze kosa liko wapi, wape nakala mpya, zile za zamani wazirudishe uzichane mbele yao. Watie saini kwenye daftari." Akarudi kwenye chai yake. Alikuwa ameshaanza kuugua, ingawa hatukujua.

Sasa ninyi makarani someni hapa polepole. Nilichapa upya ukurasa ule, nikauwekea tarehe ile ile ya Ijumaa, nikabadilisha na nakala ya jalada, ili isionekane kwamba kulikuwa na nyingine. Nilimpigia simu Zakaria tu, kwa sababu yeye hupita Njombe kila wiki na haulizi maswali. Benedikto angeuliza. Zakaria alisimamisha lori mbele ya duka la mbolea, injini ikiunguruma, nikamtolea bahasha yenye nakala mbili.

"Kuna nini tena, Mama?" aliuliza.

"Hakuna kitu. Hizi zimechapwa vizuri zaidi. Moja yako, moja ya mwenzako. Zile za kwanza mzitupe."

"Haya." Akaitupia bahasha juu ya dashibodi, akaondoka. Daftari la kupokelea sikumpa. Ningempa, ningelazimika kuandika ni karatasi gani na kwa nini.

Zakaria alifika kwake akachukua nakala yake, ile ya zamani akaichana kama nilivyomwambia. Ya mwenzake aliiacha kwenye lori, lori likaenda gereji, na hakuna aliyeiona tena. Kwa nini aitafute? Nilimwambia ni karatasi iliyochapwa vizuri zaidi.

Wakili Mlowe alifariki mwaka uliofuata. Salome alirudi kutoka Dar es Salaam akashika ofisi. Mimi nililisahau jambo lile kwa namna ambayo mtu husahau jino lililotoboka, kwa kutafunia upande mwingine.

Muda wa opsheni ulipokaribia kwisha, Zakaria alikuwa safarini, na kama kawaida karatasi zilikuwa kwa Benedikto. Alichukua notisi ambayo wote wawili walikuwa wameshaitia saini mapema, akasoma nakala yake ya Kiswahili mara mbili kujihakikishia, akaituma notisi kwa basi kama kifurushi siku nane kabla ya mwisho. Alihifadhi risiti. Makambako mpaka Ziwa Albert ni mbali, na kifurushi kilibadilisha mabasi mara tatu na kukaa mpakani. Kilifika siku nne baada ya muda. Katika siku hizo nne mwenye ardhi alikuwa ameshafuatwa na mtu mwingine aliyetaka kujenga ghala la mafuta. Mzee yule alisoma mkataba wake, akaona yuko huru, akampangishia huyo mwingine. Kisheria hakukosea.

Zakaria alipopata habari alikuwa Songea. Alirudi moja kwa moja mpaka yadini Lyamkena. Haya nimeyasikia kwa waliokuwepo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa nini uliituma ikiwa imebaki siku nane?" Benedikto akasema, "Karatasi inasema itumwe kabla. Nimeituma kabla." Zakaria akaenda nyumbani akaleta nakala yake, akaifungua juu ya rundo la mbao. Inasema ipokelewe. Benedikto akaleta yake. Inasema itumwe. Muhuri mmoja, saini moja, tarehe moja.

Watu wa Makambako walikuwa wameshaanza kusema kwamba Benedikto alihongwa na yule wa ghala la mafuta. Zakaria alizishika nakala zote mbili, akazitazama, kisha akasema kwa Kibena maneno ambayo walioyasikia hawakutaka kunitafsiria.

Akafungua kesi. Alidai kwamba mbia wake aliharibu haki yao kwa makusudi, halafu akaghushi karatasi kujificha. Salome alikataa kumwakilisha yeyote kati yao, kwa kuwa wote walikuwa wateja wetu. Zakaria akachukua wakili mwingine, naye akaniita mimi kuwa shahidi, nije na jalada la ofisi nithibitishe nakala iliyo sahihi.

Salome aliniuliza kabla. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la mahakamani mkononi. "Mama, hii ya nakala mbili, kuna kitu unakijua?"

"Hapana," nilisema.

"Baba hakuwahi kukwambia kitu?"

"Mwanangu, baba yako alikuwa mgonjwa."

Nilimtumia marehemu. Nimeandika hapa ili nisije nikadai baadaye kwamba nilibanwa.

Kizimbani waliniapisha nikiwa nimeshika Biblia. Wakili wa Zakaria alinionyesha nakala ya jalada. Hii ni ya ofisi yenu? Ndiyo. Tafsiri hii ni yako? Ndiyo. Inasema ipokelewe? Ndiyo. Kisha akanipa nakala ya Benedikto. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, kona zimelainika kama kitambaa. Saini ilikuwa yangu. Kile kitanzi cha mwisho hakuna mtu mwingine anayekizungusha vile.

"Na saini hii ni yako?"

Benedikto alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, ananitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa anangoja niseme ndiyo.

"Inafanana na yangu," nilisema.

Hakimu akaandika. Nilisikia kalamu yake. Kesi ikaahirishwa.

Wiki ile ile polisi walimchukua Benedikto kwa tuhuma ya kughushi. Alikaa mahabusu siku kumi na tisa, mwezi wa saba, kabla dhamana haijakamilika. Alitoka na kifua ambacho hakikupona. Yadi ya Lyamkena ilifungwa mnyororo. Zakaria hakuweza kulipa benki, nyumba ikauzwa, akahamia kwa mdogo wake. Mimi niliendelea kufika ofisini saa moja na nusu, nikawasha jiko, nikafungua barua. Ninasema hivi kwa sababu watu hudhani mtu mwenye jambo kama hilo halali wala hali. Nililala. Nilikula. Niliimba kwaya.

Ilipita miezi minane. Asubuhi moja mke wa Benedikto, Mama Flora, aliingia ofisini na mfuko wa plastiki. Nilijua amekuja kunitukana, nikasimama.

"Kamwene, Mama Nyagawa," alinisalimu kwa Kibena, akakaa. Alitoa karatasi mfukoni. "Tunauza shamba la miti lililobaki, lile la urithi wake. Mnunuzi ameleta mkataba wa Kiingereza. Nisomee."

Nikamwuliza kwa nini amenifuata mimi, mawakili wako wengi.

"Baba Flora ndiye amenituma. Amesema karatasi yoyote niilete kwako kwanza."

"Baada ya yale ya mahakamani?"

"Anasema wewe hukusema uongo. Ulisema inafanana. Anasema karatasi zinazopita hapa ni nyingi, huwezi kukumbuka saini zote, na mtu mwingine angesema kabisa kwamba si yake." Akausogeza mkataba kwangu. "Nisomee polepole, mimi si mwepesi kama yeye."

Nilimsomea wote. Nilimfuatia Kiingereza kwa kidole, peke yangu. Kulikuwa na kifungu kibaya kuhusu mpaka, nikamwonyesha, akashukuru. Aliponyanyuka kuondoka nilimwomba akae nje kidogo. Nikaingia kwa Salome nikafunga mlango, nikamwambia yote, kuanzia Ijumaa ile mpaka bahasha juu ya dashibodi.

Salome aliweka kando karatasi alizokuwa nazo. Alikuwa na sura ya baba yake kabisa.

"Unajua ulikuwa chini ya kiapo," alisema.

"Najua."

"Unaweza kushtakiwa. Na ofisi hii inaweza kufungwa."

"Najua."

"Unataka nifanye nini?"

"Mwandikie wakili wa Benedikto. Niitwe tena."

Alichukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena. "Mama Flora bado yuko nje?"

"Yuko."

"Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nilimwambia hapo hapo kwenye benchi la wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mfuko wake na ule mkataba akatoka, na mlango hakuubamiza. Shamba lile walishaliahidi na fedha kidogo walishapokea, kwa hiyo liliuzwa hata hivyo.

Niliitwa tena kizimbani. Nilisema nakala zote mbili ni zangu, ya Benedikto ndiyo ya kwanza, niliandika vibaya, nikachapa nyingine na kuipa tarehe ya zamani, nikamdanganya Zakaria kwamba imechapwa vizuri zaidi, na saini niliyosema inafanana ni yangu. Hakimu aliniuliza kwa nini sikusema mara ya kwanza. Nilisema niliona haya. Aliandika hilo pia, na nafikiri lilikuwa dogo kuliko nafasi aliyoiacha.

Wakili wa Benedikto akamgeukia Zakaria. Je, alipewa bahasha? Zakaria aliinamisha uso. Nilimwona anaitafuta siku ile kichwani mwake, na niliona alipoipata.

"Ndiyo," alisema. "Zilikuwa mbili."

Kesi yake ilitupwa. Shtaka la kughushi likaondolewa. Kwa upande wangu, hakimu aliandika kwamba shahidi huyu alidanganya chini ya kiapo kwanza na akasema kweli baadaye. Jalada langu lilikwenda kwa wanaohusika, nikangoja mwaka mzima kuitwa, sikuitwa. Sijui kwa nini, wala sikuuliza. Salome hakunifukuza. Alininyang'anya muhuri wa mtafsiri, akaniachia mapokezi, na tangu siku hiyo mpaka nastaafu sikutafsiri hata barua ya mwaliko. Ndiyo maana mlinikuta nikiwaambia wateja wangoje Jumatatu na kuwaona wamekasirika. Waacheni wakasirike.

Siku ya hukumu Zakaria alinikuta kwenye ngazi za mahakama. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. "Ungeniambia tu ni kosa," alisema. "Ningegeuza lori pale pale nimpelekee." Alishuka ngazi. Benedikto alikuwa amesimama kwenye geti na mkewe, na Zakaria alimpita kwa umbali wa mkono mmoja. Nilidhani mmoja atasema neno. Walikuwa wamekaa kwenye kesi muda mrefu mno. Wote wawili walikuwa sahihi, na ardhi ilikuwa ya mtu mwingine. Zakaria alihamia Songea. Nasikia anaendesha lori la watu.

Benedikto alirudi kwao, kijiji kisicho mbali na Igwachanya, kulima viazi. Nilikaa miezi miwili ndipo nikaenda, kwa basi dogo na kisha bodaboda. Sikuwapa taarifa kwa kuogopa kukataliwa.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye gunia, anachagua viazi. Alikohoa kwanza kwa muda, akafuta mdomo, akaniitikia salamu. Mama Flora alileta kigoda, akakiweka mbali kidogo na mumewe kuliko ilivyo desturi, akaingia jikoni.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Njombe. Nilimwomba radhi kwa kosa la tafsiri. Alinikatisha kwa mkono.

"Ile ya kwanza sina neno nayo," alisema. "Umeandika itumwe badala ya ipokelewe. Na mimi nimeshapima mbao futi kumi na mbili nikaandika kumi na moja. Hata ile ya mahakamani naweza kuielewa. Watu wamejaa, hakimu anakutazama, mtu anaropoka." Alikiangalia kiazi mkononi, akakiweka upande wa mbegu. "Baada ya pale ilipita miezi minane. Mimi nimekaa ndani siku kumi na tisa, nimetoka, nimeuza shamba la urithi. Zakaria amepoteza nyumba. Wewe kwa miezi minane ulikuwa unafanya nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Alinyanyua uso akangoja, kama alivyongoja pale benchini.

"Nilikuwa naenda kazini," nilisema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu akaikuta imekamilika. Kisha akainama akaendelea kuchagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka nikaelewa kwamba ameshamaliza kuzungumza na mimi. Mama Flora alinitoa mpaka barabarani, akasimama nami tukingoja bodaboda, na ilipofika akamwambia dereva aende polepole kwa sababu ya mashimo.